Koti la Baba Lilipofika Kiabakari

Nyasho,
Musoma.
Tarehe 19 Desemba, 1971.

Mpendwa kaka Florian,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza na kukuombea uketi, maana barua hii haifai kusomwa mtu akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba hewa ya Tanga imekuzidi, nami tangu hapo kila nikisikia mtu anakohoa kanisani nakukumbuka. Wifi Hana hajambo? Watoto je, wamekua? Nimesahau hata sura ya yule mdogo, na picha mliyotuma imefifia upande wake.

Huku tunamshukuru Mungu. Mume wangu Kasmiri bado anashona viatu pale sokoni na bado ananung'unikia ngozi mbovu. Mvua zimenyesha vizuri, pamba imeshapandwa. Samaki wa ningu wamepungua ziwani, tunakula furu wadogo wadogo hadi watoto wanakimbia sahani. Mama hajambo, ila miguu inamsumbua, na akiambiwa apumzike anauliza nani atalima.

Nakuomba uisome peke yako kwanza. Baada ya hapo utaamua mwenyewe umsomee nani.

Unakumbuka Baba, mzee Kwangu, alipofariki, simu ya upepo ilichelewa kukufikia, na matanga yalipovunjwa hukuja. Sikulaumu kwa mazishi. Kwa matanga nilikulaumu, na nilikuandikia wakati ule, sitarudia. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa tayari wakuvike koti lake, lile la jeshi alilorudi nalo kutoka Burma. Wakaahirisha. Koti likabaki limetundikwa kwenye nguzo ya katikati nyumbani kule Suguti, na hakuna aliyeligusa isipokuwa Mama, wakati wa kufuta vumbi.

Wewe nguo hiyo unajua maana yake. Wanao sidhani kama umewaeleza, basi waeleze: kwetu nguo ya marehemu haivaliwi kwa kupenda. Mtoto atakayetoka nayo mlangoni mbele ya watu, huyo ndiye mwenye nyumba. Ardhi ni yake kuisimamia, mama ni wake kumtunza, na ndugu zake wote, hata waliomtangulia kuzaliwa, watamwita Baba.

Mwaka huu jambo hilo lilianza kutubana. Kijiji cha ujamaa kinaanzishwa upande wa juu wa Suguti, na kila nyumba inapewa kiwanja kwa jina la mwenye nyumba. Walipofika kwetu waliuliza mwenye nyumba ni nani. Mama akasema yuko Tanga. Wakasema watarudi. Wakarudi, ukawa bado uko Tanga.

Sasa nije kwenye baiskeli, maana huko ndiko yalikotokea yote.

Wapanda baiskeli wa huku wana chama chao. Wamo wabeba samaki, walimu na makarani, wa Musoma na wa Bunda pamoja. Kwa kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru wakapanga msafara wa kwenda Butiama, wote wamevaa nguo za zamani, ili watoto waone tulikotoka. Wa Musoma na wa Bunda wakutane Kiabakari, kisha waingie Butiama kwa mstari mmoja. Wazo lilikuwa zuri, mimi mwenyewe nililisifu.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa nguo. Makarani walitaka kuvaa kofia za pama na tai, wakaambiwa hizo ni kasumba za mkoloni. Watu wa Bunda walitaka kuvaa ngozi, vijana wa chama wakasema hatuwezi kupeleka watu uchi mbele ya wageni. Ndipo mzee mmoja wa Bunda, Matiko, aliposimama akasema, "Sisi hizi ngozi tulivaaga na hatukuwaga uchi. Uchi mnauona ninyi." Mwisho wakakubaliana kwamba nguo yoyote iliyovaliwa kabla ya Uhuru inafaa.

Ugomvi wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Kibali cha barabara kilitolewa kwa baiskeli hamsini, na waliojiandikisha walikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Wa Bunda wakadai wazo lilianzia kwao. Wa Musoma wakadai chama ni chao. Wabeba samaki wakawaambia makarani kwamba ninyi baiskeli yenu inajua njia ya ofisini tu. Kura walikataa, kila upande ukihofia wizi. Mwalimu Justina wa hapa Nyasho aliuliza kama wanawake wamo, akaambiwa asubiri, na hadi leo anasubiri.

Mwenyekiti wao ni Stanislausi, karani wa pamba, mtu wa Kiabakari hapo hapo. Alitaka kupunguza watu bila kumchagua mtu kwa jina, akatoa sharti: kila atakayeenda avae nguo ya marehemu mzee wake mwenyewe, si ya kuazima wala ya dukani, na awe na shahidi wa kwao. Alidhani wengi watakosa. Watu wakampigia makofi, nami sijui hadi leo ilikuwaje watu wazima wenye wazee majumbani wakapigia makofi jambo lile. Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria mstari wa Butiama na jinsi wa upande wa pili watakavyobaki nyuma.

Kaka, masanduku ya marehemu yakafunguliwa kutoka Bunda hadi kwetu. Yale yaliyokuwa yanasubiri wazee, yale yaliyokuwa yanasubiri amani, yote. Kule Bunda ndugu wawili waligombea kanzu ya baba yao ikapasuka mgongoni, na sasa hawaamkiani. Majirani zetu hapa walifukuzana kwa panga kwa ajili ya ngozi ya chui. Watu walikuwa wanatafuta nafasi ya kupanda baiskeli, wakajikuta wanagombea urithi.

Masatu naye alitaka kwenda. Unamjua mdogo wetu, hana neno, na hana alichokipenda duniani kama ile baiskeli yake. Siku moja kabla ya msafara alikuja hapa Nyasho akitokea Suguti, amevaa koti la Baba. Alipoingia uani nilidhani ni Baba mwenyewe. Mabega yalikuwa yale yale.

Nilimkaripia, kaka. Nilimwambia alivue kabla sijaita watu. Alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya magoti yake, akaniambia Mama ndiye aliyelitungua na kumvika mlangoni. Halafu akasema, "Dada, kaka nimemwandikia mara mbili, hajibu. Mama akiugua ananiitaga mimi. Wagawa viwanja wakija wanamtafutaga yeye. Sasa mimi pale nyumbani ni nani?"

Nilimpa chakula tu, na alfajiri akalivaa tena, sikumzuia.

Asubuhi ya Uhuru sisi wanawake tulipanda lori na mapipa ya uji na maji, tukatangulia Kiabakari kuwasubiri. Tulipofika tulikuta barabara imejaa wazee, na hawakuwa wamekuja kutazama sherehe. Walikuwa wamesimama pande zote mbili, wengine na fimbo, wengine na wajane wa marehemu, wakiwasubiri watoto wao na nguo walizotoka nazo.

Wa Bunda walifika kwanza, kisha wa Musoma. Polisi wakaanza kuhesabu hamsini wa kibali, watu wakaanza kusukumana, wa Bunda wakalaza baiskeli zao barabarani ili asipite mtu. Stanislausi alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Katikati ya hayo wazee wakaingia. Sijawahi kuona jambo la aina ile. Mzee anamshika mtu mzima mkono, anamwambia vua, na yule anavua. Hawakupigana hata kidogo. Mmoja baada ya mwingine walibaki na fulana, wameshika usukani wa baiskeli, wanatazama chini. Hakuna aliyecheka, hata watoto.

Baba mdogo Ngolo alikuwepo. Alikuwa amesikia habari kule Suguti, akaja na gari la kwanza. Alimwona Masatu kwa mbali, kwa koti lenyewe, akaenda akasimama mbele ya gurudumu lake.

"Hilo ni koti la kaka yangu. Nani amekuvika?"

"Mama."

"Mama yako aliolewa kwetu. Hana mkono wa kuvika mtu."

Masatu hakubisha. Alianza kufungua vifungo. Ndipo Baba mdogo aliponiona mimi na kata ya uji mkononi, akaniita. Akasema, watu wote wakisikia, "Hyasinta, wewe ndiye binti mkubwa wa nyumba ile. Mkubwa wenu akiwa hayupo, ulimi ni wako. Ukisema hili koti ni la Florian, huyu analivua sasa hivi na litarudi nguzoni. Ukisema vingine, mimi sitaliongelea tena."

Nataka ujue nilichofikiri, usije ukadhani nilisema kwa haraka au kwa hasira. Nilikufikiria wewe. Nilifikiria ulivyonibeba mgongoni nilipougua surua, kutoka Suguti hadi kwa masista, na ulivyoniimbia njiani ili nisilale. Nilikupenda pale barabarani kama nilivyokupenda siku ile. Halafu nikamfikiria Mama mwaka juzi, alipoteguka nyonga, akifungwa kwa kanga kwenye keria ya Masatu, Masatu akiisukuma baiskeli kwa miguu hadi Musoma kwa sababu aliogopa kuipanda asije akamtikisa. Nikaona wale wagawa viwanja wakija mara ya tatu. Nikaona koti likiliwa na nondo miaka mingine kumi, na Mama akilifuta vumbi hadi afe hana mwenye nyumba.

Nikasema, "Huyu ni Kwangu. Mwacheni apite."

Jina la Baba yetu, kaka. Nililitamka mwenyewe, kwa sauti, na sikuliondoa.

Baba mdogo alimgeukia Masatu. Kisha akavifunga vifungo ambavyo Masatu alikuwa amevifungua, akamalizia na kile cha juu ambacho Baba hakufungaga, akarudi nyuma, akampisha. Masatu hakunitazama. Nadhani angenitazama tungelia wote wawili, na watu walikuwa wengi.

Wazee walipomaliza, polisi walihesabu tena. Waliobaki na nguo hawakufika hata hamsini. Hakukuwa tena na sababu ya kugombea kibali. Wa Bunda waliinua baiskeli zao wenyewe bila kuambiwa, msafara ukaondoka polepole kuelekea Butiama, hakuna aliyepiga kengele. Stanislausi hakwenda. Alikaa juu ya kalvati, akaniomba maji, akaniambia yeye alikuwa anafikiria nguo tu. Nilimpa maji. Kumkasirikia nilishindwa, kwani hata mimi nilipolisikia sharti lake mara ya kwanza niliona ni la akili.

Butiama walipokelewa kwa ngoma na hotuba, na nasikia sherehe ilikuwa kubwa. Mimi sikufika. Nilirudi na lori kuosha mapipa.

Tangu siku ile kiwanja kimetolewa. Wazee walikaa Suguti Jumapili iliyofuata wakamaliza palipobaki kama desturi inavyotaka, na sasa hakuna cha kurudisha nyuma. Ukiwa na hasira, nikasirikie mimi, usimkasirikie Masatu wala Mama. Mimi ndiye niliyeulizwa na mimi ndiye niliyejibu. Ningeulizwa leo ningejibu vile vile, nami nakuambia hivyo nikiwa nalia, karatasi utaiona.

Hukufukuzwa. Una sehemu yako ya shamba kule chini kwenye michungwa, na kiwanja cha pili pembeni ya kile chetu kimeombwa kwa ajili yako. Ila usije ukafika ukaanza kupanga mambo kama zamani. Ukija, utapiga hodi kama wanavyopiga wengine, na shikamoo ya kwanza itakuwa yake. Najua itakukwama kooni. Mimi nilipomwita Baba mara ya kwanza nililazimika kujifanya nakohoa. Sasa nimezoea, na yeye anaitika bila kuona aibu, na Mama amerudi kucheka.

Msalimie sana wifi Hana, mwambie mbegu za mchicha alizoomba nitampa mtu wa kwanza nitakayemwamini. Wabusu watoto. Msalimie na yule rafiki yako Mhoja wa reli, kama bado mko naye. Huku Kasmiri anakusalimu, Baba mdogo Ngolo anakusalimu, naye nakuhakikishia hana kinyongo. Shangazi Esta anasema utakuja kumkuta kaburini. Amekuwa akisema hivyo tangu tukiwa wadogo, lakini safari hii amekonda kweli. Mama anakuombea kila asubuhi, na anaanza kwa jina lako.

Na Baba anakusalimu. Nilimwuliza niandike nini kwa upande wake. Alizungusha pedali ya baiskeli kwa mkono, kisha akasema nikuandikie hivi: mwanangu, njoo nyumbani.

Mungu akulinde kifua na moyo, akufungulie njia ya huku.

Wako akupendaye bila kupungua,
dada yako,
Hyasinta Kwangu.