Mashine ya Pili

Jumatatu, 11 Machi
Nimeangalia nafasi kwenye diski. Nimezima mashine ya kwanza ya barua pepe, nimeiwasha tena. Chai imepoa. Malalamiko yale yale: maagenti wetu wa Sakania wanatuma hati za malori kwa barua pepe, nusu hazifiki. Malori yanakwama hapo mpakani. Patron, bosi wetu, anasema Mama Ngalula, sekretari anayezipokea, anazifuta ili apunguze kazi. Leo nimewasha kumbukumbu za kina, mashine iandike kila hatua ya kila barua.

Jumanne, 12 Machi
Kurasa na kurasa. Kila barua ya Sakania: imepokelewa, imepelekwa mashine ya pili. Hakuna iliyopotea. Nimempa Patron karatasi. Akaigonga kwa kidole. «Njo preuve, ushahidi wenyewe. Ijumaa Ngalula anaenda, kazi imeisha.»
Mama Ngalula alinifuata kwenye ngazi. «Mutoto yangu, miye sikufuta kitu. Barua yenye haikufika, nitaifuta namna gani?» Nikamjibu kwamba mashine haina chuki na mtu. Jibu la kijinga.

Jumatano, 13 Machi
Nimeamka na hofu. Mashine ni mbili. Nimewasha kumbukumbu kwenye moja tu. Ya kwanza inapokea, ya pili ndiyo inayoitia barua kwenye sanduku la mtu. Ni kama nimemhoji bawabu wa mlangoni, aliye ndani sikumuuliza.
Nimewasha kumbukumbu kwenye ya pili saa mbili asubuhi. Saa nne umeme ukakatika. Umerudi saa tisa. Sijala.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeona.
Mtandao wa Sakania unakatika kutwa. Maagenti wote wanatumia anwani moja, simu moja. Mtandao ukirudi, wanatuma zote kwa mkupuo. Ofisi nzima inajua. Januari niliweka chujio kwenye mashine ya pili: anwani ikituma barua nyingi kwa dakika moja, zinazozidi zitupwe, ni za matapeli. Niliyafuata maelekezo neno kwa neno. Sakania sikuifikiria hata kidogo.
Si Mama Ngalula. Ni mimi. Jina langu liko juu ya chujio.
Naweza kuliondoa chujio kimya kimya. Barua zitafika, hakuna atakayeuliza. Mama Ngalula ataondoka kesho na jina la mwizi wa barua. Mara tatu nimeweka vidole kwenye kibodi. Naogopa Patron. Naogopa kurudi kwa baba bila kazi. Naogopa zaidi kwamba ningeweza kabisa kufanya hivyo.

Ijumaa, 15 Machi
Nimepeleka karatasi za mashine zote mbili kabla ya Patron kumwita Mama Ngalula. Amesoma taratibu. Hakupiga kelele. Ameniambia niache funguo za ofisi mezani.
Mama Ngalula amebaki na kazi yake. Nimeingia kumwomba radhi. Amenisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi. Kisha akaniomba nikitoka nifunge mlango.
Nimeufunga polepole. Nimekwenda nyumbani kwa baba, Naviundu, kwa miguu.