Bibi wa Katuni Ametoka Pinki

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimeshindwa kuanza bila kukuamkia.

Ile katuni yetu imekamilika, ila imenitoa jasho. Kila nilipoirenda, yaani nilipoiachia kompyuta iunganishe michoro yote iwe video, yule bibi uliyemwazima sauti yako alitoka pinki tangu shingoni mpaka miguuni. Anasimulia kwa sauti yako, anacheka kicheko chako, na amevaa pinki kama pipi. Nikabadilisha mwanga, nikafuta programu na kuiweka upya, nikashinda chumbani kwangu Buzuruga nikisubiri irende tena huku nikiomba umeme usikatike. Pinki ileile. Nilitamani kuipiga mashine teke.

Kumbe programu haikuwa imeitunza picha ya nguo ndani yake. Inakumbuka tu mahali ilipoikuta, na siku ikiikosa hapo, inapaka pinki. Na picha ni ile ya kitenge chako cha njano chenye majani ya bluu, uliyoipiga mwenyewe siku ulipomwona bibi wangu wa katuni ukacheka. "Bibi gani huyu amevaa kama mgonjwa wa wodini? Mvalishe changu." Tuliiacha kwenye memori kadi ya simu yako, programu ikawa inaisoma humohumo kadi ikichomekwa kwenye kompyuta, maana hukupenda vitu vyako vihamishwe. Ulipoondoka, simu akapewa Masanja, na mdogo wangu huyo akafuta kila kitu ili ajaze nyimbo zake. Nilimsema mpaka akainamisha kichwa. Halafu nikamwonea huruma, maana hakujua.

Kitenge chenyewe, siku ya kumaliza matanga walipogawa nguo zako, alipewa mdogo wako, mama mdogo Kabula. Nikamfuata kwake Busisi. Siku hizi tunavuka kwa daraja, Mama, hakuna tena kusubiri kivuko. Wewe uliyelisubiri sana hukulipita. Nililia katikati yake, kondakta akadhani naumwa.

Nilikwenda na nia ya kukichukua kabisa, nikifungie kabatini. Nilimkuta uani anaanika dagaa, amejifunga hichohicho. Kimepauka, na kaa la moto limekitoboa karibu na pindo. Niliumia, sikufichi. Nikamweleza shida yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Kama unakitaka, nakivua sasa hivi. Mimi nakivaa nikimkumbuka dada."

Nikamwomba kwanza ageuke nipige picha. Alipogeuka nikakuona wewe. Mgongo wako, Mama, hata na ule mguu mmoja uliopenda kuuegemea. Picha ya kwanza ikaharibika, nikapiga nyingine. Akataka kulikunjia ndani lile tundu, nikamwambia aliache.

Safari hii nimeiweka picha ndani ya programu kabisa, haiendi kokote. Bibi amevaa kitenge kilichopauka chenye tundu pindoni, na amependeza kuliko nilivyokuwa nimemchora. Wajukuu zako wameshamwangalia mpaka wanajua kila neno.

Sikumwambia mama mdogo akivue, na sitamwambia. Akivae mpaka kichanike, nami nakuahidi nitakuwa nakwenda kumsaidia kuanika dagaa. Kitenge chako bado kinafanya kazi. Pumzika wewe, Mama.

Mwanao,
Neema