Picha ya Mlango

Lemara, Jumapili

Shangazi Naeku,

Shikamoo. Mbuzi uliyenipa amezaa mapacha.

Nesi wa ule utafiti wa dawa ya presha tulioingia mimi na wewe amekuja na michoro, badala ya zile karatasi tisa za kukubali kushiriki. Huko kwako hajafika bado. Mchoro wa mwisho ni wa mama anayetoka mlangoni huku nesi akimpungia mkono. Maana yake mtu anaacha akitaka, na kliniki ataendelea kutibiwa.

Mimi ndiye niliyekuambia kwamba ukishaweka dole gumba hakuna kurudi nyuma. Ukavumilia kizunguzungu cha dawa hiyo miezi minne. Nisamehe.

Barua hii atakusomea mwinjilisti Yoeli. Mchoro nimeuweka humu ndani. Huo utazame mwenyewe.

Mtoto wa kaka yako,
Naserian