Mazoezi Mbele ya Mkwe

Majengo, Dodoma

Dada yangu Mama Kulwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima huko Tabora, na mvua imewakumbuka. Sisi huku ni vumbi tu, ila tunakula na tunalala. Goti langu ni lile lile.

Dada, nimechanganyikiwa, nawe ndiye uliyenilea. Ghala letu la karanga limeuzwa kwa mtu binafsi, kama mengi siku hizi, na wenzetu kadhaa wamepunguzwa. Tuliobaki, tajiri mpya anasema kuketi chini kuchambua karanga kutwa kunatuharibu viungo, basi kila asubuhi tunyooshe mwili kwanza. Kuinama, kuchuchumaa. Tangu lini tajiri akahangaikia mgongo wa kibarua? Mama Rehema, ninayechambua naye, akaninong'oneza, "Wanatafuta wagonjwa hao. Atakayeshindwa kuchuchumaa, kwaheri."

Hilo peke yake lingenitosha. Lakini anayeongoza mazoezi ni mnyapara, na mnyapara ndiye mume wa mwanangu Tatu, mkwe ambaye kwa mila yetu hata jina lake silitaji. Mimi niiname mbele ya mkwe? Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya magunia. Ya pili pia. Tajiri akaniita.

"Mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kweli, baba," nikamjibu, "lakini si mbele ya mkwe."

Akacheka, ila akasema asiyefanya mazoezi hana kazi. Nililia, dada. Watoto wa marehemu kaka yetu nawalisha kwa kazi hii.

Mkwe mwenyewe ndiye aliyepata njia. Kesho yake alitoka nje, akafunga mlango, akasimama chini ya dirisha ametupa mgongo, akahesabu kwa sauti. Sisi ndani tukainama tunavyojua. Mama Rehema akasema tufanye kama tunatwanga, maana kutwanga hakuna aibu. Tajiri alitutazama, akakuna kichwa, akasema sawa, ilimradi viungo vinafanya kazi.

Sasa sikia kinachonichanganya. Tukifika kwenye kuchuchumaa, mkwe husita, husubiri mpaka niinuke, ndipo anaendelea. Goti langu sijamwambia mtu huku, hata Tatu. Labda ananisikia ninavyoguna. Je, ananihurumia, au ananihesabu miongoni mwa wa kupunguzwa? Na goti lenyewe, nakuapia, linapungua maumivu. Sijui nimshukuru tajiri au nimwogope.

Leo asubuhi nilichuchumaa nikainuka bila kushika gunia, bila kuguna. Huko nje hesabu ikakatika. Kisha nikamsikia akiuuliza ukuta, "Mama yupo?"

Kumjibu siwezi, wewe unajua. Nikaguna, ili ajue. Akaendelea kuhesabu.

Msalimie sana shemeji, na mama mkubwa mwambie dawa yake ya goti niliipaka yote. Wapwa zangu wasome. Nijibu upesi, uniambie wewe ungefanyaje.

Mdogo wako, ambaye bado yupo kazini,
Nyamizi