Ukuta Nyuma ya Magunia ya Makaa

Ruashi, Lubumbashi
Machi 1976

Kwako Yaya Nkandu, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba biashara hapo Mokambo bado inakupa chumvi ya mboga. Sisi tunapumua. Kikohozi cha mama kimepungua tangu nilipomhamishia chumba cha nyuma. Anasali, anagombana na kuku wa jirani, na kila Jumapili anakuulizia. Mvua za mwaka huu hazina adabu kabisa.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva. Umeuliza nyumba ya baba inaendeleaje, halafu umesema kwamba ukimwona mama Madeleine sokoni unageuza uso, kwa sababu mume wake Kapya alituchomea matofali mabovu. Yaya, nilipofika hapo niliikunja barua nikaisukuma chini ya godoro. Leo nimeitoa.

Nyumba iko vibaya. Ukuta wa mbele na ule wa chumba cha zamani cha mama zimebanduka. Nyuso za matofali zinaanguka kama maganda ya mkate, na ndani unabaki unga mwekundu. Lakini viungo, yaani ile mistari ya kati ya tofali na tofali, vimesimama imara, vimetokeza nje, vya kijivu. Wapita njia wanasimama kutazama. Mimi naingia ndani.

Unakumbuka baba alivyokuwa kila kiangazi. Alikwangua viungo vyote kwa msumari, akavijaza upya kwa udongo wa kichuguu na chokaa, sisi tukimshikia beseni na kumcheka kwamba nyumba yake haimaliziki. Alituambia tofali linakunywa mvua na lazima lipate pa kuitolea, na pa kuitolea ni kwenye kiungo laini. Kiungo kikilika, unakijaza. Tofali likilika, huna nyumba.

Matofali yalipoanza kubanduka, mama aliyageuza hayo yote. Alisema baba alikuwa akiziba kila mwaka ili kumfichia rafiki yake Kapya. Alisema Kapya alivunja mwiko wa tanuru. Wewe unaujua: mwenye kuchoma matofali halali na mwanamke mpaka moto uzime, akikosa, matofali yanaoza hata kama ni baada ya miaka. «Ule muntu alitudanganya,» mama alisema, na kabla ya jua kuzama Ruashi nzima ilikuwa inasema hivyo.

Mjomba Floribert aliita kikao uani kwetu. Kapya alikuja na mke wake. Aliapa kwamba siku zote za moto hakuondoka tanuruni, na kwamba baba alikaa naye. Lakini baba yuko kaburini, hawezi kuitwa. Mjomba akanigeukia mimi, fundi wa nyumba za Golf, kule kwa matajiri, akaniuliza kama labda kosa ni la marekebisho yangu ya simenti. Nikajibu kwamba simenti ni simenti, na majumba makubwa ya Golf yamesimama kwa hiyo hiyo. Nilijibu kwa sauti ya fundi mkubwa, mikono nyuma.

Hapo ndipo mama Madeleine alipoinuka. Alisema siku zile mume wake hakulala nyumbani hata mara moja, sasa kama mwiko ulivunjwa, aliuvunja na mwanamke gani? Kesho yake yule mama alifunga vitu vyake akaenda kwa kaka zake, huko huko Mokambo uliko. Wamezaa pamoja, wamezika pamoja, na ameondoka akiwa amejitanda kitenge usoni. Tangu hapo hakuna anayemwagiza Kapya tofali hata moja. Tanuru lake limeota majani.

Sasa nisikilize, Yaya, na usiitupe barua kabla ya kufika mwisho.

Mwezi wa nane nilileta nyumbani mabaki ya simenti kutoka kazini. Nilitaka watu wa Ruashi wapite waseme nyumba ya akina Ngosa inafanana na za Golf. Mama aliniuliza kwa nini sichukui udongo kama baba, nikamwambia udongo ni mambo ya porini. Nikakwangua kazi ya baba yote, nikajaza simenti, nikaipiga mistari iliyonyooka. Nilijipenda sana siku ile. Simenti iliisha kabla sijafika ukuta wa nyuma, nikauacha.

Mvua zilipokolea nilizunguka nyuma. Pale udongo wa baba bado upo kwenye viungo, na hakuna tofali lililobanduka. Ni matofali yale yale, ya moto ule ule wa Kapya. Nilielewa hapo hapo. Huku mbele niliyaziba matofali pumzi, maji yakaingia yasipate njia ya kutoka. Na nilielewa kabla ya kikao, Yaya. Nilikuwa najua nilipomjibu mjomba. Asubuhi ya kikao nilipanga magunia ya makaa kuufunika ule ukuta mpaka juu, nikamwambia mama hapo hayataloa. Akanishukuru.

Nimekula ugali miezi hii kama ninayekula mchanga. Kapya ananisalimia kila siku, anauliza kama kuna dereva aliyetoka Mokambo.

Jana niliyaondoa magunia. Nikamwita mama, nikamwita na Kapya, nikasema yote. Mama alipapasa ule ukuta kwa kiganja, akaketi chini, hajanisemesha mpaka sasa. Kapya aliniita mpumbavu, na mkono wangu hakuupokea. Alifika mpaka mlangoni akarudi, akaniuliza kama bado naandika vizuri kama zamani shuleni. Nikasema ndiyo.

Basi nakuomba, uende kwa mama Madeleine, umsalimie kwa magoti, umsomee barua hii tangu juu, usiruke neno la aibu yangu. Nami naanza kung'oa simenti kwa tindo, kiungo kwa kiungo, ingawa matofali yaliyokufa hayatafufuka. Mjomba Floribert nitamwendea Jumapili.

Wabusu watoto. Mwambie shemeji namheshimu. Ukiweza kunisamehe, niandikie. Usipoweza, mwandikie mama.

Mdogo wako,
Ngosa, yule uliyekuwa ukimwita Stanislas kabla ya amri ya kubadili majina

Hili amelisema Kapya mwenyewe, amesimama nyuma yangu ninapoandika, nami naliweka alivyolitamka: «Madeleine, ule moto niliulinda. Na baba yao alikuwa pale. Rudia nyumbani kwako.»