Njoo Unitue, Raymundi

Kitete,
Tabora.
14 Agosti, 1954

Mpendwa mjukuu wangu Raymundi, mume wangu mtoro,

Marahaba. Naitikia mapema, maana shikamoo yako naingoja tangu Pasaka na haijafika. U mzima? Mkeo Flavia mzima? Kile kifua chako cha vumbi la katani kimepoa? Mimi magoti tu yananisumbua, na kiburi, ambacho hakina dawa. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile za darasa la ubatizo, kwa hiyo soma polepole na usicheke.

Blanketi ulilotuma limefika. Ni zuri, jekundu, na mama yako amefunikwa nalo. Lakini blanketi halimgeuzi mgonjwa ubavu.

Hali ya mama yako Pelagia sitakuficha. Ule uvimbe wa ziwa umepasuka, umekuwa donda. Daktari alisema ni kansa, na kwamba kisu kimechelewa, nirudi naye nyumbani. Tangu mvua ziishe namwosha, namlisha uji, nafua vitambaa, peke yangu. Mikono ikaanza kutetemeka hata nikishika kijiko. Siku moja alitapika nikamfokea. Nilimfokea mwanangu anayekufa, Raymundi, kwa sababu ya shuka.

Sista Veneranda wa misheni, anayezunguka kuwatazama wagonjwa majumbani, alinikuta siku hiyo. Hakunilaumu. Alisema anayeuguza naye huugua, akaniketisha kigodani. Akasema nikaze ngumi kama nakamua nguo, nihesabu hadi tano, niachie. Kisha mabega, niyapandishe hadi masikioni, niachie. Kisha taya. Macho nifumbe, pumzi niivute kwa pua taratibu, niitoe kwa mdomo. Alifundishwa na mkunga wa Kizungu. Nilimcheka. Nimezaa watoto saba, nimezika sita, leo nifundishwe kupumua? Lakini nilipoachia mabega machozi yalitoka yenyewe, na jioni ile kijiko kilitulia mkononi.

Basi nikawa nafanya kila asubuhi uani, nikishamwosha mama yako. Kumbe ua wa matete una macho. Majirani waliona kikongwe amefumba macho, anahema, mabega yanapanda na kushuka, wakatangaza kwamba Apolinaria amerudia mambo ya Waswezi, wale wa ngoma za mizimu, na mizimu imempanda. Katekista Damas akaja, kofia mkononi, akasimama mlangoni.

“Bibi Apolinaria, tumesikitika. Yale uliyoyakana siku ya ubatizo umeyarudia?”

“Ingia kwanza tumgeuze Pelagia,” nikamwambia. “Dhambi zangu utanisomea huku umemshika miguu.”

Harufu ya donda ikamfikia. Akakumbuka kwamba ana kikao. Jumapili kanisani waliniachia benchi zima, mimi na rozari yangu. Sista alitaka kwenda kuwaeleza, nikamkataza. Miezi yote hii hakuna aliyeniletea hata mtungi wa maji, leo waje kuninusa imani?

Hilo ningelimeza, nimemeza makubwa zaidi. Linaloniandikisha barua hii ni la Jumanne. Nilifanya yale mazoezi, ngumi, mabega, taya, na mwili ukalegea kweli, usingizi ukanichukua pale pale kigodani. Pelagia akaniita nimpe maji. Sikusikia. Akajaribu kuyafuata mwenyewe. Nilimkuta sakafuni kando ya mtungi, amelowa, donda limetoka damu. Hakulia. Aliniambia, “Usijali, mama, ulikuwa umepumzika.” Heri angenitukana.

Tangu siku hiyo sifanyi tena, na mikono imerudia kutetemeka, unaiona mistari hii ilivyo. Sista ananisihi. Nimemwambia dawa yake ni nzuri, ila ni ya watu wawili: mmoja afumbe macho, mwingine awe macho.

Baba yangu Limbu alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, bega lake lilikuwa na sugu kama nundu ya ng'ombe. Alikuwa akituambia kwamba kambini hakuna mpagazi aliyejitua pembe kubwa mwenyewe. Alisimama nayo, na uchovu wake wote, mpaka mwenzake aje ashike upande wa pili. Aliyejitua peke yake alivunja pembe au alivunja mgongo. Hata waliotukanana njia nzima, kambini walituana.

Usiniandikie habari za nyapara na ruhusa. Masolwa mliyeondoka naye alikuja kumzika baba yake, na kazi anayo mpaka leo. Kumzika mama yako najua utakuja, na utalia kuwapita wote. Machozi hayo siyataki. Mama yako kila akisikia honi ya treni anauliza kama imetoka huko pwani uliko. Namjibu imetoka Kigoma. Siku hizi treni zote zinatoka Kigoma.

Msalimie Flavia, mwambie sina ugomvi naye. Msalimie na Masolwa. Mungu akulinde na mashine za katani, naye Bikira Maria akulainishe huo moyo.

Sikuombi unibebee. Nimesimama na pembe begani, magoti yanaanza kukunjika. Njoo ushike upande wa pili.

Ni mimi nikupendaye hata usipostahili,
Bibi yako,
Apolinaria Nyamizi