Klipu Iliyobeba Msiba Wote

Jumatatu, 3 Juni 2024

Baridi ya kukata masikio. Apolonia kaleta kazi ya studio nyumbani tena. Kaweka kompyuta mezani, kasogeza ungo wa mchele niliokuwa nachagua, hata hodi hakuna.

Mwanangu anatengeneza video za harusi na misiba kwa Liberatus, hapa hapa Chimala. Safari hii msiba ni wa Bartolomeo. Baba yake Apolonia mwenyewe.

Nikakaa pembeni, nikajifanya naendelea na mchele. Kumbe programu yenyewe mpya. Ile ya zamani naijua kwa kuichungulia – mistari imelala, mmoja juu ya mwenzake, kama matuta. Picha tuta lake, sauti tuta lake, kwaya tuta lake. Hata mimi wa darasa la nne naelewa. Hii mpya haina mistari. Vipande vinaelea, kimoja kimeng'ang'ania kingine. Ukitoa kimoja, vilivyobaki vinasogeleana fasta, kama watu kwenye benchi mwenzao akiinuka.

Nikauliza mbona imekaa hovyo hivyo. Akasema mama, hii ndiyo ya kisasa, Liberatus alienda kuisomea Iringa mjini wiki nzima.

Wiki nzima kusomea kutokuwa na mistari. Mimi ningemfundisha hapo hapo mlangoni: usichore.

Jumanne, 4 Juni

Liberatus mwenyewe kapita. Miwani ya jua, ndani ya nyumba, mwezi wa sita. Nikampa chai, maana mgeni ni mgeni.

Akaanza kunielimisha. Eti Mama Apolonia, mistari ni mambo ya wazee, unahangaika kupanga mpaka macho yanauma. Hii inajipanga yenyewe, haiachi hata pengo. Chini unaweka picha kuu, hizo nyingine zote unaziningʼiniza juu yake. Ukihamisha picha kuu, zinaifuata kama vifaranga.

Nikamuuliza picha kuu ya msiba ni ipi, jeneza?

Akacheka. Akasema jeneza halina sura. Picha kuu ni ya anayelia vizuri. "Na wewe mama ulilia. Hongera."

Hongera. Sijawahi kupewa hongera ya kulia.

Basi nikaona. Ni mimi. Nipo chini kabisa kwenye kompyuta yao, mrefu kama mkeka, na juu yangu wametundika sala ya padre, historia ya marehemu, kwaya, kila kitu. Pale Nyololo, kwao marehemu, siku ya mazishi hakuna aliyenipa hata kiti. Nilisimama upande wa wapishi. Wenye msiba walilia kistaarabu, na vitambaa, huku wanaangalia viatu vyao visiingie tope. Mimi jeneza liliposhushwa nilianguka. Nikalia Kisukuma, kwa sauti, vile bibi yangu alivyolia kule Usangu alipozikwa babu. Sikupanga. Ilitoka.

Aliyenipiga picha ni Apolonia. Alishika kamera kwenye mazishi ya baba yake maana bila kamera asingepita kufika kaburini.

Bartolomeo na wewe. Ulitoka Mgololo kwenye kiwanda chako cha karatasi, ukaja kununua mchele, ukaondoka umeniachia mtoto. Mahari hukuleta. Baba yangu alikaa anaangalia barabara mpaka akachoka. Karatasi mlikuwa mnatengeneza ninyi wenyewe, ukashindwa hata kuandika barua moja ya posa.

Nimekulilia hivyo hivyo. Sijui kwa nini. Najua.

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi Efrazia kapiga simu. Dada wa marehemu, ndiye mwenye sauti kwenye ule ukoo. Apolonia akaiweka sauti kubwa, mikono ilikuwa na unga.

Sauti tamu kama asali ya dukani. Binti yetu, hujambo binti yetu. Leo ndiyo binti yao. Eti kwenye misa ya arobaini watoto wote wa Bartolomeo watasimama mbele, na yeye atasimama na wenzake, padre atamtaja jina. Ukoo umekubali. Baada ya misa watu wote watakaa kuangalia video.

Nilishika meza. Miaka yote hii nimelisubiri hilo. Mtoto akiulizwa wa nani, awe na la kujibu.

Halafu ikafuata: "Ila huyo mama anayegaragara makaburini mumtoe. Wifi yangu, mjane, hataki kumwona. Watu watauliza ni nani, tutawajibu nini?"

Huyo mama. Anajua kabisa anaongea na mtoto wa nani. Anamwambia mtoto: mtoe huyo mama.

Apolonia akasema sawa shangazi.

Sawa!

Nilienda kuosha sufuria. Zilikuwa zimeoshwa, nikaziosha. Baadaye nikarudi nikamwambia, nitoe mwanangu, mimi najijua nilikuwepo. Akasema mama usianze. Nikamwambia sianzi, namaliza. Chakula hakugusa. Nikamfunikia.

Ijumaa, 7 Juni

Amenitoa. Kaifanya kazi studio asubuhi, hakutaka nione.

Sasa sikia balaa. Kanibofya, kanifuta, na ile programu ya akili nyingi ikafuta na vyote vilivyoningʼinia kwangu. Sala ya padre, haipo. Historia ya marehemu, haipo. Vilivyobaki vikasogeleana bila pengo, kama bwana mkubwa alivyojisifu. Bartolomeo anatoka nyumbani kwake, hapo hapo yuko kaburini, kwaya inaimba kwa furaha ile ya kuingilia kanisani. Mtu kazikwa kama kuku wa kideri.

Na Liberatus hakuangalia. Kaituma Nyololo hivyo hivyo, kwa simu, na maneno "kazi safi".

Shangazi Efrazia alipiga mpaka simu ikapata moto. Eti ndugu yao siyo mpagani, sala iko wapi? Liberatus akajibu kosa ni la binti, amefuta kihuni. Yeye ndiye aliyetundika msiba mzima kwenye mgongo wangu, halafu mhuni ni mwanangu. Aende tena Iringa, wiki nyingine, akasomee aibu.

Nimecheka, nakiri. Nimecheka nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba mpaka nikashika mbavu. Walitaka nitoke. Nimetoka na padre wao.

Halafu kicheko kikaisha, nikabaki na lile moja. Alinibofya. Akanifuta.

Jumamosi, 8 Juni

Apolonia kairudia kazi hapa nyumbani, kwa programu ya zamani, ile ya matuta. Shangazi kasema anakuja mwenyewe kesho kuikagua kabla ya arobaini. Ikiwa na kasoro tena, asahau kusimama na watoto.

Nilimpelekea uji, nikaona nimfariji kidogo. Nikaitukana ile programu. Nikasema kitu kisicho na mistari hakina adabu, kinamfuta mtu halafu wengine wanakaa mahali pake kama hakuwahi kuzaliwa.

Akaacha kubofya. Akasema, "Mama, usiisingizie programu."

Nikamwambia nini tena.

"Hata kwenye ile mpya ningeweza kuacha nafasi wazi. Unaweka kipande cheusi, kinashika nafasi ya mtu, hakuna kinachosogea. Sala nayo ningeing'oa kwanza nikaiweka pembeni. Najua kufanya hivyo. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya kukutoa. Nilitaka nibofye mara moja nisikuone tena."

Nilikaa. Uji ukapoa. Kwa hiyo Liberatus nimemwonea kidogo. Kidogo tu – kwa ile miwani sirudi nyuma.

Nikamuuliza unanionea aibu? Akasema hapana mama. Akasema tena hapana. Akasema, wewe hujui ilivyo kuitwa mtoto wa Chimala mbele ya ndugu zako. Nikasema najua ilivyo kuitwa huyo mama. Mimi ndiye niliyemwambia atoe, sasa namlaumu amefanyaje? Lakini mama anasema "nitoe" ili mtoto akatae. Hilo halihitaji shule.

Jioni alinionyesha. Mahali pangu kwenye tuta la picha kaweka mashamba ya chai ya Mufindi, na ukungu. Pazuri. Kijani kibichi. Nikamwambia panapendeza, nikaenda kulala mapema kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Juni

Naandika jikoni. Wao wako sebuleni, pazia tu katikati. Shangazi Efrazia kaja na wanawake wawili wa ukoo. Alipoingia alinisalimia "Hamjambo hapa", kama anasalimia kioski. Nikamwambia shikamoo, maana kanizidi umri na mwanangu ana shida naye. Akaitikia huku anakagua dari.

Kakaa kwenye kiti changu. Kaomba maji ya uvuguvugu. Kaomba mto wa mgongo. Mpaka sasa hajaniita jina.

Sikukaa kuangalia. Nimesema naandaa chai. Naisikiliza tu huku.

Sala ya padre imepita yote, mpaka amina. Mmoja wao akasema hapo sasa. Historia ya marehemu, kazaliwa, kasoma, kafanya kazi Mgololo. Shangazi anaguna kwa kuridhika, kama anayekula nyama laini. Kwaya. Sasa wanashusha jeneza, nasikia kamba. Sasa ndiyo mashamba ya chai. Moyo wangu utulie polepole, hakuna cha kuona pale, ni majani.

Hapana.

Ni mimi. Siyo picha, picha najua kaitoa, nilishuhudia. Sauti. Sauti kaiacha kwenye tuta lake. Nalia kwenye chai ya Mufindi, Kisukuma, mayu, mayu, yaani mama, mama, nyumba nzima inasikia, nafikiri na kwa jirani wanasikia. Hakunidokeza. Jana yote hakunidokeza.

Kikombe kimewekwa mezani.

Nimesogeza pazia kidogo. Apolonia kasimama karibu na kompyuta, mikono nyuma. Haizimi.

Shangazi Efrazia anasema, "Simamisha hapo." Imesimama. Anauliza polepole, ile sauti ya asali imekwisha, "Binti. Huyo anayelia ni nani?"

Wanawake wale wawili wanaangalia sakafu. Apolonia hajajibu bado.

Chai haijachemka vizuri. Naipeleka hivyo hivyo.